Jinsi ya kufuatilia nani alimiliki ardhi ya mji wa kale: mfano wa Zürich

Wageni ninaowatembeza Zürich, mji wa Uswisi, huniuliza swali lilelile: mji huu ulianzishwa mwaka gani? Siku hizi nawajibu kwa swali: ardhi hii ilikuwa ya nani? La kwanza halina jibu moja. La pili lina hati, imeandikwa Kilatini juu ya ngozi. Njia hii utaweza kuitumia kwenye mji wowote wa Ulaya wenye abasia kongwe, yaani nyumba ya watawa yenye mali zake. Andaa ramani ya leo ya mji, daftari na penseli za rangi tatu.

Hatua ya 1: Anza kwa miguu

Panda Lindenhof, kilima kidogo kando ya mto Limmat. Warumi walijenga ngome hapa, na baadaye wafalme wa Wafranki wakaweka jumba lao papo hapo. Mwaka 1747 lilichimbuliwa hapa jiwe la kaburi la mtoto, Lucius Aelius Urbicus, aliyeishi mwaka 1, miezi 5 na siku 5. Baba yake, Unio, alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kaisari, akasimamia kituo cha forodha cha Turicum, kilichotoza sehemu moja ya 40 ya thamani ya mzigo. Jina la kale kabisa la mji limetufikia kupitia msiba wa mtoza ushuru. Liandike daftarini: mahali hapa palianza kuwa na faida kwa sababu ya njia ya mizigo, na mwenye nguvu hupenda kukaa penye ushuru.

Hatua ya 2: Isome hati kwa maswali manne

Hati yenyewe ni ya tarehe 21 Julai 853. Usiisome kama hadithi. Uliza: nani anatoa, nani anapewa, kinatolewa nini, na nani anazuiwa.

Anayetoa ni mfalme Ludwig Mjerumani, mjukuu wa Karolo Mkuu, kaisari wa Wafranki. Wanaopewa ni watawa wa kike wa abasia ambayo leo inaitwa Fraumünster, chini ya binti yake Hildegard. Ukifikiria wakfu hukosei sana, ila hapa mali haikutoka mbali na familia ya mtoaji.

Kinachotolewa ndicho cha kukaa nacho. Kuna milki ya mfalme ya Turegum, yaani Zürich yenyewe, na vyote vilivyoambatana nayo, kuna nchi ndogo ya Uri huko milimani kusini, na kuna msitu wa Albis. Kisha unafuata mtiririko: makanisa, nyumba, watumwa wa jinsia zote na umri wote, ardhi inayolimwa na isiyolimwa, misitu, malisho, maji. Rudia taratibu. Watu wametajwa baada ya nyumba na kabla ya mashamba. Kumiliki ardhi zama zile kulikuwa kumiliki na mikono inayoilima, na ukiliruka neno hilo utachora ramani tupu.

Anayezuiwa ni hakimu wa serikali: haruhusiwi kuingia kwenye milki hizo kuhukumu. Kwangu mimi sentensi hiyo ina thamani kuliko msitu mzima.

Hatua ya 3: Tafuta vijineno

Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nawaambia watu kwamba mji ulizaliwa mwaka 853. Sikuwa nimesoma vizuri. Hati inasema abasia *iko* katika kijiji cha Turegum, mahali walipolala wafiadini Felix na Regula. Kwa hiyo kijiji kilikuwepo, na kaburi linaloheshimiwa lilikuwepo. Hati ya zawadi hukuonyesha mali ikihama mkono. Mwanzo utautafuta kwingine.

Hatua ya 4: Hadithi zipe ukurasa wake

Utasikia kwamba kulungu mwenye mwanga kwenye pembe zake aliwaongoza Hildegard na dada yake Bertha hadi mahali pa kujenga. Ng'ambo ya mto, kwenye kanisa la Grossmünster, utasikia kwamba farasi wa Karolo Mkuu alipiga magoti juu ya makaburi ya wafiadini. Usizitupe, bali jiulize nani alifaidika. Makasisi wa Grossmünster, waliodai kwamba mwanzilishi wao ni Karolo, yaani babu, walikuwa, kwa hesabu hiyo, wakubwa kuliko watawa waliopewa na mjukuu.

Hatua ya 5: Paka rangi

Nyekundu ni ya mfalme: Lindenhof. Bluu ni ya Fraumünster, ng'ambo hii ya mto. Kijani ni ya makasisi wa Grossmünster, ng'ambo ile. Rangi zitapandana, na usizifute. Kiwanja kimoja kiliweza kuwa cha abesi, mkuu wa watawa wa Fraumünster, kikakaliwa na fundi anayemlipa kodi, huku kesi kubwa zikiamuliwa na mwakilishi wa mfalme. Pembeni andika haki zisizo na mipaka ya ardhi, yaani soko, ushuru na kutengeneza sarafu, ambazo zilikuja kuwa mikononi mwa abesi. Bibi huyo alikuwa mwenye mji hasa.

Hatua ya 6: Rudi kutoka mwisho

Ukikwama katikati, nenda mwisho urudi nyuma. Mwaka 1218 ukoo wa watawala wa Zähringen ulikatika, na mji ukawa chini ya kaisari moja kwa moja. Mwaka 1524 abesi wa mwisho, Katharina von Zimmern, akaikabidhi abasia na mali zake kwa mji. Hapo miaka 671 ya umiliki ikakoma. Kwa mji wako tafuta siku kama hiyo, kwa sababu anayekabidhi mali huorodhesha.

Ukimaliza, ingia ua wa Fraumünster. Nyumba za watawa zilibomolewa, na mahali pake pamesimama jengo la Stadthaus, ofisi za utawala wa mji. Watu wanapita na makaratasi yao, na ukutani, kwenye ushoroba, kulungu amechorwa.