Namna ya Kukata Fito Nyembamba za Balsa kwa Vipimo Sahihi

Ndege ya mfano inayorushwa ndani ya ukumbi huhesabiwa uzito wake kwa sehemu za gramu. Katika F1D, daraja la mashindano la FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya angani, ndege bila ya mpira unaosokotwa kuizungushia rafadha haitakiwi ipungue gramu 1.4, na mabawa hayaruhusiwi kuzidi sentimita 55 kutoka ncha hadi ncha. Kwa kazi ya namna hii kosa la sehemu moja ya kumi ya milimita si dogo. Ufito wa bawa uliosimamishwa ukipungua kimo kutoka milimita 1.6 hadi 1.5, uzito hupungua kwa asilimia 6 tu, lakini ukakamavu wake hupungua kwa karibu asilimia 18, kwa sababu ukakamavu hufuata kipeo cha tatu cha kimo. Bawa la kulia likiwa na ufito kama huo na la kushoto likawa na ufito kamili, ndege haitotulia hewani hata ukumbi uwe umefungwa madirisha na feni zimezimwa.

Balsa ni mti wa nchi za joto za Amerika, na nyingi inayouzwa hutoka Ecuador. Ni wa ukoo mmoja na msufi na mbuyu tunayoijua Unguja na Pemba, lakini ubao wa msufi ni mzito mno kwa kazi hii, kwa hiyo hapana budi kuagiza mabapa ya balsa, yaani mbao zake nyembamba, kutoka nje. Kabla ya kushika wembe, lipime kila bapa kwenye mizani ya sonara. Bapa lenye unene wa milimita 1.6, upana wa 75 na urefu wa 915 likiwa na gramu 9 hivi ni jepesi na linafaa. Likifika gramu 18, liwekee kazi nyengine. Yapime yote siku moja, kwani wakati wa masika balsa hunyonya unyevu, ikaongezeka uzito na kuvimba kwa upana. Yatunze ndani ya sanduku linalofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Tumia wembe wa kunyolea wenye makali mawili, uvunjwe katikati ungali ndani ya karatasi yake. Unene wake ni kama milimita 0.1, hivyo hauzisukumi nyuzi pembeni kama kisu cha kukatia karatasi. Kwa kuwa hupinda kwa urahisi, ushike ukiacha pembe ndogo tu ya makali nje.

Usahihi wa upana hautafutwi kwa jicho wala kwa alama ya penseli. Huo ndio msimamo wangu, na ndio unaofanya fito zote zilingane. Gundisha upau wa chuma ulionyooka juu ya ubao bapa uliotandikwa kadibodi ngumu. Upau uwe mnene kuliko bapa. Nyoosha kwanza ukingo mmoja wa bapa kwa rula ya chuma, kisha usukume ukingo huo hadi ugote kwenye upau. Kwa ufito wa milimita 1.6, chukua seti mbili za fila, vile vibati vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia nafasi za vali, upange vipande vyenye jumla ya milimita 1.65, uvisimamishe juu ya bapa kwenye ncha zote mbili vikiegemea upau. Sogeza rula hadi iviguse, ibane, toa fila, ndipo ukate. Ile 0.05 ya ziada ni kwa sababu makali yako katikati ya unene wa wembe, wala hayagusi rula yenyewe. Kata ufito wa majaribio, upime kwa vernia, yaani kipimio cha sehemu za milimita, kisha urekebishe fila kabla ya kuendelea.

Mkato wa kwanza uwe wa kuchora tu, bila nguvu. Mitatu au minne inayofuata imalize kazi, wembe ukiwa wima wakati wote, kwani ukilala ufito hutoka na pembe zisizo sawa. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, ukate kwa upande ambao zitausukuma wembe kwenye rula. Ukikata kinyume, zitauvuta ndani ya ufito. Sentimita ya mwisho huchanika mara nyingi, kwa hiyo ikate mwanzo, kutoka upande wa pili.

Kwa fito za bawa zinazopungua kuelekea ncha, weka fila za 1.65 upande mmoja na za 1.05 upande wa pili. Njia ni ile ile, ila baada ya kila ufito nyoosha upya ukingo wa bapa, ama sivyo mshazari utajilimbikiza.

Fito zikishakatwa, zibane zote kwenye ukingo wa meza zikitokeza kwa urefu ule ule, utazame kila moja inainama kiasi gani. Mbili zinazoinama sawasawa na zenye uzito mmoja ndizo za bawa la kulia na la kushoto. Zifunge pamoja kwa uzi na uandike uzito wake kwenye kikaratasi.