Kobe, Sungura na Abunuwasi: jinsi ya kutengeneza mavazi ya wahusika wa vitabu nyumbani

Mpwa wangu wa darasa la pili alirudi na karatasi kutoka shuleni: Siku ya Vitabu kila mtoto aje amevaa kama mhusika wa hadithi aliyoisoma. Yeye alikuwa ameshaamua, atakuwa kobe. Watoto wawili wa jirani wakachagua sungura na Abunuwasi, na kwa kuwa cherehani iko kwangu, kazi yote ikahamia kwangu. Tulikuwa na siku tisa. Naandika kwa mzazi mwenzangu atakayeletewa karatasi kama ile, hasa hapa Moshi, kwa sababu Siku ya Vitabu Duniani ni tarehe 23 Aprili na hapo masika yamepamba moto. Utaona chini kwa nini mvua ni jambo la kuhesabu.

Hatua ya 1: Mwache mtoto asimulie

Usifungue kabati kwanza. Mwambie mtoto akusimulie hadithi yake, usikilize ni kitu gani anakirudia. Mpwa wangu alisema "gamba" kila baada ya sentensi mbili. Basi nguvu zako zote ziende kwenye kitu hicho kimoja. Kitu kimoja kikubwa, kilichotengenezwa kwa uangalifu, kinamtambulisha mhusika kuliko nguo sita za kubahatisha.

Hatua ya 2: Nguo za chini

Nenda Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, mapema, kabla marobota mapya hayajachambuliwa. Chukua fulana ya mikono mirefu na suruali ya traksuti, rangi moja isiyo na maandishi: kijivu kwa sungura, kahawia kwa kobe. Ziwe kubwa kidogo ili sare ya shule ikae ndani, maana asubuhi za Aprili zina baridi.

Hatua ya 3: Abunuwasi

Huyu ni wa nusu saa. Kanzu, mtandio mweupe wa kufunga kilemba, na sufuria mbili, kubwa na ndogo. Anayekumbuka ile hadithi ya sufuria iliyozaa kisha ikafa atamtambua mtoto akiwa bado getini. Kilemba kishikize kwa mishono miwili mitatu ya sindano kisogoni, kisifunguke wakati wa kucheza.

Hatua ya 4: Masikio ya sungura

Kata vitambaa vinne vyenye umbo la jani refu, urefu wa sentimita 25, ushone viwiliviwili, kisha pitisha ndani waya mwembamba wanaofungia nondo. Ncha za waya zikunje mpaka zirudi ndani kabisa, zisimchome mtoto. Masikio yashone juu ya kofia ya sufu, ile boshori. Usitumie kile kibanio cha plastiki cha kichwani: watoto wetu wengi wa shule wamenyolewa, na kwenye kichwa kilichonyolewa kibanio kinateleza.

Na tafadhali, uzi na sindano. Supaglu sitaki kuiona karibu na nguo ya mtoto. Ikigusa pamba inapata joto kali la ghafla, na inaweza kuunguza ngozi.

Hatua ya 5: Gamba la kobe

Hapa ndipo siku zetu nne zilipopotea, kwa hiyo soma yote kabla hujaanza.

Gamba ni tabaka za magazeti zinazobandikwa kwa gundi juu ya kalibu. Kalibu ni beseni la kufulia lililofunikwa kifudifudi, pana kuliko mabega ya mtoto kwa vidole vinne. Lipake mafuta ya kupikia kila mahali, hasa ukingoni, la sivyo karatasi itang'ang'ania. Zamani tungelifunika kwa mfuko wa nailoni, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na mafuta yanafanya kazi ileile.

Gundi ni uji wa unga wa ngano. Koroga kikombe kimoja cha unga kwenye maji ya baridi kwanza, kisha ongeza maji mengine mpaka vifike vikombe vinne, weka chumvi vijiko viwili, chemsha huku unakoroga hadi uwe mzito unaong'aa. Wapo wanaokoroga unga bila kuupika. Mimi nasema upike, unashika vizuri zaidi. Magazeti yachane kwa mkono, usikate kwa mkasi: ukingo uliochanwa una nyuzi, unalala bila kuacha ngazi.

Sasa kosa letu. Usiku wa kwanza nilibandika tabaka zote tano mfululizo nikaliacha barazani. Siku ya pili juu palikuwa pagumu, nikaamini limekauka. Siku ya nne nikalibandua, na ndani palikuwa na ukungu mweusi na harufu ya dagaa walionyeshewa. Likatupwa.

La pili tulifanya hivi. Bandika tabaka mbili tu, subiri zikauke. Ongeza ya tatu, ikikauka libandue kwenye beseni hata kama bado linanesa, uliweke juu ya matofali mawili ili hewa ipite juu na chini. Hapo ndipo uongeze ya nne na ya tano. Wakati wa mvua kila awamu inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ukavu haupimwi kwa kidole. Weka gamba shavuni: likiwa la baridi, bado lina maji. Kisha ligonge. Kavu hulia kama ngoma, bichi hutoa mlio mzito uliokufa.

Usilikaushe juu ya jiko la mkaa. Kingo zinajikunja, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu. Usiku litundike juu, panya wanapenda ule uji.

Likikauka, chora kwa chaki vigae vikubwa 13, kama alivyo kobe mwenyewe: vitano katikati ya mgongo na vinne kila upande. Paka rangi ya maji ya ukutani, kahawia, na mipaka uipake nyeusi. Rangi ya mafuta inanuka na inachelewa kukauka.

Hatua ya 6: Kulivalisha

Toboa matundu manne, pitisha mikanda ya begi kuukuu. Ndani, kwenye kila tundu, weka kifungo kikubwa cha koti ili mkanda usichane karatasi. Ongeza utepe mmoja wa kitenge unaounganisha mikanda kifuani, bila huo gamba linashuka mpaka kiunoni mtoto akikimbia.

Mvishe siku moja kabla, umwambie akae kwenye kiti. Gamba likifika chini ya kiuno hataweza kukaa darasani, punguza ukingo wa chini kwa mkasi, kisha ufunike palipokatwa kwa ukanda mmoja wa gazeti na uji. Wetu tulipunguza vidole viwili.