Namna ya Kutibu Choa na Mapunye Bila Kumsahau Ndama na Paka

Fangasi wa ngozi huitwa choa wanapotokea mwilini na mapunye wanapoingia kichwani, ingawa Wakenya wengi watakuambia ni mashilingi. Dawa zake zipo, na nyingi ni za bei nafuu. Kinachowachosha watu ni kurudi kwake, na mara nyingi ugonjwa hurudi kwa sababu mtoto ametibiwa huku ndama aliyeko zizini, paka wa nyumbani na mashine ya kinyozi vikiachwa kama vilivyokuwa.

Kabla ya kupaka chochote, osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, ikaushe, kisha itazame kwenye mwanga wa mchana. Alama ya choa huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba madogo, na hutanuka kuelekea nje huku katikati pakianza kupona. Kwenye ngozi nyeusi usitarajie wekundu, kwa kuwa ukingo huonekana wa kijivu au mweusi kuliko ngozi inayouzunguka. Kichwani tafuta nywele zilizokatika na ungaunga mweupe. Ukiona nukta nyeusi kwenye kipara, hayo ni mabaki ya nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, na ndivyo anavyofanya Trichophyton violaceum, mmoja wa fangasi wanaoonekana sana vichwani mwa watoto wa Afrika Mashariki. Doa lililopauka lisilowasha lipapase kwa kipande cha pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi mguso, mpeleke kituo cha afya akachunguzwe ukoma, usihangaike na krimu.

Kwa choa la mwilini, krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hupakwa mara mbili kwa siku, ikivuka ukingo wa alama kwa upana wa kidole hivi, kwa wiki mbili hadi nne. Alama zikishatoweka endelea kwa wiki moja au mbili zaidi, maana fangasi hubaki hai kwenye ngozi inayoonekana kupona. Mafuta ya Whitfield, yenye asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, ni dawa ya zamani inayofanya kazi vizuri, lakini huunguza usoni na kwenye kinena.

Ninachokilaumu zaidi ni krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila cheti cha daktari, ambazo ndani yake mna dawa ya fangasi, antibaiotiki na steroidi kali kama betamethasoni. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku chache, mgonjwa akaisifu dawa, kumbe kinga ya ngozi imezimwa na fangasi wanatanuka kwa raha. Ukingo unafifia, umbo la duara linapotea, na baadaye hata daktari mzoefu hupata shida kuutambua ugonjwa wenyewe. Soma maandishi ya kwenye boksi. Ukikuta jina linaloishia na «-sone» au «-sol» pamoja na lile la dawa ya fangasi, muulize mfamasia kama ni steroidi kabla ya kulipa.

Mapunye hayaponi kwa krimu peke yake, kwa kuwa fangasi wamo ndani ya unywele hadi kwenye shina lake. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini kwa wiki sita hadi nane au zaidi, kwa kipimo kinachopangwa na daktari kulingana na uzito, na imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili ifyonzwe vizuri. (Mwaka 1958 ndipo ilipoonyeshwa kwamba griseofulvini ya kumeza huponya fangasi, na walioponywa walikuwa wanyama wadogo wa maabara waitwao guinea pig.) Mjamzito asiitumie. Kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, usiruhusu kipasuliwe kama jipu: hayo bado ni mapunye, ila mwili umeyapokea kwa hasira, na yakicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele.

Sasa nenda zizini. Ndama mwenye fangasi aitwaye Trichophyton verrucosum huwa na magamba mazito ya rangi ya kijivu, kama tope la majivu lililokaukia ngozini, hasa kuzunguka macho, masikioni na shingoni. Wengi hupona wenyewe baada ya miezi kadhaa, jambo linalowafanya wafugaji wapuuze, lakini muda wote huo wanamwambukiza anayewahudumia, mara nyingi kwenye mikono iliyomgusa mnyama. Vaa glavu, lainisha magamba kwa maji na sabuni, yasugue taratibu kwa brashi, yaliyobanduka yaokote ukayachome moto, kisha mpake ndama iodini ukiepuka macho. Mtenge ndama huyo, na zizi liwe kavu na lipate jua. Oili chafu, ambayo wengi huikimbilia, huunguza ngozi na humezwa mnyama anapojilamba.

Paka ana hila yake: anaweza kubeba fangasi aitwaye Microsporum canis bila kipara hata kimoja, hivyo watu kadhaa nyumbani wakipata choa kwa pamoja, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana mzima. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya mbwa, kwani permethrini, sumu ya wadudu iliyomo kwenye baadhi ya dawa hizo, inaweza kumuua.

Chembe za fangasi huyo huweza kuishi nje ya mwili zaidi ya mwaka mmoja. Fagia na uokote manyoya kwanza, osha sakafu kwa sabuni na kuisuuza, halafu pitisha jiki iliyochanganywa kipimo 1 kwa maji vipimo 32 na uiache dakika kumi. Ukiimwaga juu ya uchafu haitafanya kazi. Shuka, kofia na taulo zifuliwe na kuanikwa juani, na kila mtu awe na kitana chake. Kwa kinyozi, taa ya zambarau ya kuua vijidudu ndani ya kijisanduku haifiki katikati ya meno ya mashine yenye mabaki ya nywele, kwa hiyo familia yenye watoto wengi itafanya vyema kununua mashine yake.