Difenda anavuka mstari wakati mpira unaingizwa: refa aamue vipi?

Juzi nilikuwa namwelekeza dogo mmoja anayeanza kupuliza filimbi mechi za basketi hapa Dar, akaniuliza difenda akipitisha mkono juu ya mstari wakati mpira unaingizwa kutoka nje adhabu yake nini. Nikamwambia kwanza angalia saa. Akacheka, akadhani namtania. Hizi ni sheria za FIBA, shirikisho la basketi duniani, nyie mnaokesha na NBA kile ni kitabu kingine.

Hatua ya 1: kabla hujatoa mpira

Tazama saa ya mchezo, halafu tazama nafasi nyuma ya mstari. Viwanja vyetu vingi ukuta au fensi imebanana na mstari, sasa nafasi ikiwa chini ya mita 2, difenda anatakiwa akae angalau mita 1 kutoka kwa mrushaji. Mrudishe nyuma kwanza, ndo utoe mpira. Ukinyamaza halafu ukaja kumpulizia, binafsi naona umemtega.

Hatua ya 2: hesabu sekunde 5

Hesabu kwa kupunga mkono, sio moyoni. Simama pembeni uone mstari na mikono ya difenda kwa pamoja. Na filimbi iwe Fox 40, zile zenye kigololi ndani wape watoto wachezee.

Hatua ya 3: mkono umevuka

Chukulia juu ya mstari kumesimama kioo. Difenda hapitishi kiungo chochote mpaka mpira wenyewe uwe umerushwa ukavuka. Mrushaji yeye mikono yake inaweza kuingia na mpira upande wa ndani na bado difenda haruhusiwi kuugusa, na hapa ndo kelele za kila wiki, "refa, mpira ulikuwa ndani!" Ulikuwa ndani sawa, ila haujaachiwa. Piga filimbi, muonye, mwambie na kocha wake, onyo hilo ni la timu nzima mpaka mechi iishe, mrusho unarudiwa. Yeyote wa timu hiyo akirudia unaweza kumpa tekniko, yaani faulo ya utovu wa kanuni, sio ya kugusana.

Saa ikisoma 2:00 kushuka chini kota ya nne, au kwenye muda wa nyongeza, hakuna tena maongezi. Kabla ya kutoa mpira punga mkono sambamba na mstari, hiyo ishara ndo onyo lenyewe. Akivuka ni tekniko papo hapo, mtupo huru 1 na mpira unarudi kwa waliokuwa wanaingiza.

Hatua ya 4: faulo ndani, mpira ukiwa bado nje

Hii ilininyima usingizi. Zimebaki sekunde kama 40, mrushaji ameshika mpira nje, huko ndani difenda akamsukuma mtu wake, mimi nikatoa faulo isiyo ya kimichezo, mitupo 2 na mpira, maana ndo nilivyofundishwa, kumbe toka Oktoba 2022 imebadilika, sasa ni faulo ya wakati wa kurusha, aliyefanyiwa anapiga mtupo 1 bila kujali timu ina faulo ngapi, halafu mpira kwao. Iwe dakika 2 za mwisho kota ya nne au muda wa nyongeza, mpira uwe bado kwa refa au mrushaji, na anayefanya awe wa timu inayolinda. Mguso ukiwa mkali kupita kiasi bado ni isiyo ya kimichezo, hilo halijafutwa.

Mpira ukishaachiwa ni faulo ya kawaida, unahesabu faulo za timu, mitupo 2 inaanzia faulo ya 5. Sasa macho mawili hayawezi kuona mpira unatoka mkononi na msukumano wa mita 8 huko kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayetoa mpira abaki na mrushaji na difenda wake, mwenzake ashike wa ndani. Wa ndani akipiga filimbi anatupa jicho kwa mwenzake, mkono ukiwa bado unapunga basi mpira haujatoka.

Siku ile kocha alibisha kwamba mpira ulishaachiwa. Nikageuka kumtazama mwenzangu, alikuwa anahesabia moyoni.