Kazi mpya imekuja, hisa hazijakomaa: piga hesabu hivi kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu

Siku hizi mtu yuko Nyali au Bamburi, Mombasa, mwajiri wake yuko ng'ambo, na sehemu ya ujira ni hisa zinazokomaa, yaani kuwa zake kweli, kidogo kidogo, mara nyingi kwa miaka minne. Akiitwa kwingine, macho yanaganda kwenye jumla ya hisa zilizobaki. Jumla hiyo ndiyo inayompoteza.

Hatua ya 1. Soma mkataba wa hisa wenyewe, usitosheke na barua ya ajira. Tafuta tarehe za kukomaa, na ukitoa notisi inakuwaje. Mipango mingine huhesabu hadi siku yako ya mwisho kazini, mingine husimamisha kila kitu siku unapowasilisha barua. Ikiwa wako ni wa aina ya pili na hisa zinakomaa wiki ijayo, barua na ikae mfukoni.

Hatua ya 2. Hesabu hisa za muda ambao kweli ungekaa. Hapa pana kazi. Tuseme umebakiza hisa 240, kila moja shilingi 5,000, zinakomaa 30 kila miezi mitatu. Kwa macho ni milioni 1.2. Lakini ukijiambia ukweli, kazi hiyo umeichoka na hungemaliza zaidi ya mwaka. Basi zako ni 120, yaani 600,000. Hisa zikikomaa hukatwa kodi kama mshahara. Ukiwa kwenye daraja la asilimia 30, unabaki na 420,000, sawa na 35,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo unayoiacha.

Kampuni ikiwa haijaingia soko la hisa, mimi huandika sifuri. Zikija kuuzika, alhamdulillahi.

Na kama bei ni ya dola, usiamini kiwango cha leo. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipita shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa kama 130.

Hatua ya 3. Linganisha na nyongeza ya mshahara mpya baada ya makato. Nyongeza ya 60,000 kwa mwezi, ikitoka PAYE (kodi ya mshahara), SHIF (mchango wa bima ya afya) na tozo ya nyumba, hubaki kama 40,000. Katika mfano wetu unahama ukiwa na faida ya 5,000 tu kwa mwezi. Hisa za mwajiri mpya nazo kwa kawaida hazikomai hata moja kabla ya mwaka kuisha.

Hatua ya 4. Omba fidia kabla ya kutia sahihi. Peleka karatasi inayoonyesha hisa na tarehe zake, kisha uombe fedha za kuanzia kazi. Soma sharti la kurudisha: ukiondoka kabla ya mwaka, wengine hudai kiasi kamili kabla ya kodi, ilhali wewe ulipokea kilichobaki.

Maswali ya wanachama

*Shekhe, mimi sina hisa, nina haki ya kuzinunua kwa bei ya zamani. Nikiondoka?*
Ambazo hazijakomaa zimekwenda. Zilizokomaa, kampuni nyingi za Marekani hukupa siku 90 ulipie au uzikose. Angalia kodi pia, kwani inaweza kukudai kabla hujapata pa kuziuza. Binafsi nisingekopa kwa ajili hiyo, hata ukiweka riba kando.

*Nasikia watapunguza watu. Ningoje?*
Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliotumikia. Kuhusu hisa, sheria hiyo haikusaidii; mpango wenu ndio utakaosema. Ipo mipango inayokomaza sehemu kwa anayepunguzwa, nawe ukijiuzulu mapema umejinyima.

*Bosi kasema nikibaki ataniongezea hisa.*
Dada, akupe kwa maandishi, na tarehe ya hisa za kwanza kukomaa. Ikiwa ni mwaka kutoka sasa, na ulikuwa umeshachoka, rudi hatua ya 2 uone kama ungeufikia.