Monita mpya inawaka ila haileti picha? Jaribu hivi

Umechomeka monita mpya, taa inawaka, ila kioo ni cheusi tu au kinakwambia hakuna signali (No signal). Usikimbilie kuirudisha dukani, mara nyingi monita ni nzima kabisa.

Anza na waya, chomoa pande zote mbili urudishe mpaka uingie vizuri, alafu tumia vitufe vya monita kuchagua njia uliyochomeka kweli, maana ikiwa imekaa HDMI na wewe umetumia DisplayPort (hizi ni aina mbili za tundu la picha) haitaonyesha kitu hata ungoje siku nzima.

Kwa desktop yenye kadi ya grafiksi, hapa ndo wengi wanakosea: waya uende kwenye tundu la kadi yenyewe, sio lile la mazabodi (motherboard, bodi kuu ya kompyuta) lililo karibu na matundu ya USB. Hili ndo la kwanza mi huangalia.

Laptop je? Bonyeza Windows + P uchague Extend (kutandaza picha kwenye vioo vyote viwili). Kama unatumia USB-C jua sio kila tundu linatoa picha, mengine ni ya chaji na data tu.

Picha imekuja ila ina ukungu, ingia Display settings uweke rezolusheni (wingi wa nukta za picha) iliyoandikwa Recommended. Monita ya Hz 144 (mara picha inavyobadilika kwa sekunde) mara nyingi inaanzia 60, badilisha kwenye Advanced display. 4K ikigoma kupita Hz 30 basi shuku waya wa zamani au tundu la HDMI 1.4. Picha ikikata ghafla, Windows + Ctrl + Shift + B inawasha upya draiva ya grafiksi (programu inayoendesha kadi) bila kuzima kompyuta.