Kumpima nyuki-seremala kwa PCR: je, ana Wolbachia?

Nyuki-seremala ni yule mweusi mkubwa anayetoboa maboriti ya banda. Swali ni kama ndani ya seli zake anaishi Wolbachia, bakteria ambaye mdudu jike huwarithisha watoto kupitia mayai. Ukiwa na mashine ya PCR (inayonakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane) na sanduku la jeli (la kutenganisha vipande hivyo kwa urefu), jibu linapatikana.

1. Kumhifadhi. Mmoja au wawili wanatosha, kiota kiache. Mpige picha za karibu za mabawa, uso na miguu, maana ukishamkata, kumtambua ni shida. Mtie kwenye ethanoli ya asilimia 95, na kesho yake uibadilishe: mwili mkubwa hivyo una maji mengi yanayoizimua. Friza ya nyuzi −20 nayo inafaa. Formalini usiguse, inaharibu DNA.

2. Kumpasua. Wolbachia hujazana kwenye ovari na korodani, kwa hiyo tunataka tumbo, si mguu. Choma mkasi na koleo kwenye taa ya spiriti kabla ya kila nyuki. Ukishapasua, chungulia vizuri kama kuna funza wa mdudu mwingine ndani. Kimelea anaweza kuwa na Wolbachia wake, ukamsingizia nyuki. Kata kinyama cha ukubwa wa punje ya mchele, uache gamba. Rangi yake nyeusi huzuia PCR.

3. Kutoa DNA. Kiti (seti ya kemikali za maabara) yoyote ya tishu za wanyama inafaa. Kinyama kikae kwenye bafa (kimiminika cha kiti hiyo) na proteinezi K (kimeng'enya kinachovunja protini), nyuzi 56, hadi kiyeyuke; mimi hukiacha usiku kucha. Sambamba nacho, pitisha tyubu isiyo na nyama kwenye hatua zote. Wengi huiruka hii ili kubana matumizi, halafu hawajui uchafu umeingilia wapi.

4. PCR. Kila sampuli ipate tyubu mbili, kila moja na praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha kunakili kuanzie wapi:

- Praima LCO1490 na HCO2198: jeni ya COI ya nyuki mwenyewe, takriban jozi 710 za besi (herufi za DNA).
- Praima wspecF na wspecR: jeni ya 16S ya Wolbachia, jozi 438.

Kwa Wolbachia: nyuzi 94 dakika 2; kisha mizunguko 30 ya nyuzi 94 (sekunde 30), 55 (sekunde 45) na 72 (dakika 1); malizia 72 kwa dakika 10. COI ninaiendesha peke yake, nikishusha ile 55 hadi 50.

Ongeza tyubu ya maji matupu, na nyingine yenye DNA ya mdudu unayejua ana Wolbachia. Hapa mbu anakufaa: Culex quinquefasciatus, wale wa vyoo vya shimo na mitaro, kwa kawaida wanaye. Hertig na Wolbach walimwona bakteria huyu mara ya kwanza mwaka 1924, kwenye ndugu yake, Culex pipiens.

5. Kusoma jeli. Agarosi ya asilimia 1.5 hadi 2 inatosha. Vipande vya DNA vya urefu mmoja huonekana kama mstari; usikimbilie ule wa 438. Anza na maji na ile tyubu isiyo na nyama: zikiwa na mstari, jeli nzima haina maana. Kisha mbu: asipowaka, PCR ndiyo iliyogoma. Halafu COI ya nyuki. Isipotokea, huwezi kusema hana Wolbachia, kwa sababu hata DNA yake mwenyewe hukuipata. Zimua DNA mara kumi urudie, maana mara nyingi tatizo ni vile vizuizi vya gambani. COI ikiwaka na 438 isiwake, hapo andika "hakuonekana".

Mistari yote miwili ikiwaka, peleka wa 438 ukasomwe mfuatano wa besi, uulinganishe na GenBank, hazina ya mifuatano ya DNA. Hata hapo andika kwa tahadhari. Kuna wadudu ambao vipande vya DNA ya Wolbachia vimehamia kwenye kromosomu zao, na PCR huviona bila bakteria kuwapo. Kwa hiyo tafuta na jeni nyingine za Wolbachia, kama wsp na ftsZ, na upime nyuki kadhaa wa eneo hilohilo.